Dereva wa Jupita

Watu wote walimwita Dereva, ingawa hakuwahi kushika usukani wa gari lolote. Aliendesha maksai. Katika shamba lile la juu ya Bahati, upande wa Nakuru, ambako nilichuma maua ya pareto kwa miaka mingi, kulikuwa pia na lori na mtu wa kuliendesha, lakini huyo tulimwita kwa jina la baba yake. Jina la Dereva lilikuwa na mwenyewe tayari.

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, sitaandika. Sikumwuliza, naye hakusema. Nilipofika laini, safu ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, nikiwa mke mpya, nyumba yake ilitazamana na yangu, na tangu siku hiyo akaniita Jirani. Sasa hayupo, na wanaomkumbuka tunapungua. Mimi nimesoma madarasa manne tu. Nitaandika nilichoona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Kwanza ilikuwa sauti yake. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala upande wa Menengai, ungeisikia ikipanda kutoka zizini: "Jupitaaa! Wee Jupita! Masi! Neptuni! Haya, wazee wangu, twende!" Hiyo ndiyo iliyotuamsha. Nyapara alikuwa na kipande cha reli alichokitundika mtini ili akigonge kuita watu kazini, lakini alipokuwa akikigonga sisi wanawake tulikuwa tumeshawasha moto na uji unachemka.

"Wewe mzee utanifukuzisha kazi," nyapara alimwambia siku moja. "Bwana atauliza mimi nalipwa kwa nini."

"Mwambie chuma chako hakina mapafu," Dereva akajibu, akaenda zake.

Sauti ile haikuwa mbwembwe. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Maksai wa plau walifungwa wawili wawili kwenye mnyororo mmoja mrefu, na mwenye mjeledi alitembea nyuma au ubavuni. Wale wa mbele walikuwa mbali naye. Mjeledi ungewafikia kwa shida, na Dereva hakupenda uwafikie. Aliupiga hewani, ukalia kama bunduki, basi. Kilichomfikia ng'ombe wa mbele ni jina lake. Kila maksai alifundishwa jina tangu siku ya kwanza ya nira, na aliyelegea aliitwa, yeye peke yake, wenzake wakisikia.

"Ng'ombe havutishwi na uchungu," Dereva alisema. "Anavutishwa na aibu. Mtaje mbele ya wenzake uone."

Kwa watu hakuwa hivyo. Alikuwa na ulimi mkali. Alinuniana na nyapara karibu mwaka mzima kwa ajili ya kuku, na nilivyomwona kuku huyo, hakustahili hata wiki. Alisema hapendi watoto, lakini mifuko ya koti lake ilijaa mahindi ya kuchoma, na watoto wa laini walijua mfuko upi una ya moto. Alisema sukari ni ya wanawake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa chai mkewe akiwa mtoni, na nawaambia kweli, kijiko kilisimama.

Nasema haya kwa sababu katika matanga watu walimfanya malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa kufurahisha, jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi.

Majina ya maksai yalitoka kwa mwenye shamba, mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Miwani. Ujanani kwao alisomeshwa lugha ya Waroma wa zamani. Alimwambia Dereva kwamba lugha hiyo haina tena watu wanaoizungumza nyumbani mwao, wote walikwisha. Dereva akavua kofia.

"Pole sana, Bwana," alisema. Alidhani ni msiba wa karibuni.

Ndama mweupe mwenye masikio meusi alipofikisha umri wa nira, Bwana Miwani alikuja zizini na kiko chake. Nilikuwa pale, nimeleta maziwa.

"Hii jina yake Jupita," alisema. "Zamani sana, kule Roma, Jupita iko mungu mkubwa. Mkubwa ya yote. Ile ya radi."

"Radi ni yake?"

"Yake."

Dereva akatazama juu. "Na huyu wa huku kwetu, ambaye wazee husema ngurumo ni viungo vyake akijinyoosha, huyo naye atasemaje?"

"Hiyo shauri yao."

"Ndiyo maana kuna kelele nyingi huko juu," alisema Dereva.

Bwana Miwani alicheka mpaka kiko kikazimika. Tangu hapo alipenda kuja kumsimulia. Alimweleza kwamba Waroma wenyewe waliliandika na kulitamka jina hilo kwa namna yao, na kwamba Jupita ni vile Waingereza walivyolichukua. Alisema Waingereza wanalo na lingine fupi la mungu yuleyule, Jovu, ambalo mtu hulitaja akishtuka. Kweli tulikuwa tumemsikia Bwana Miwani akisema "Bai Jovu!" siku nyundo ilipomwangukia mguuni. Sisi tulidhani ni tusi.

Jioni hiyo Dereva alinipigia kelele kutoka kwake hata kabla sijatua kuni. "Jirani! Umesikia? Mzungu akiumia anaapa kwa ng'ombe wangu!"

Siku nyingine Bwana Miwani alimwonyesha nyota kubwa isiyometameta, akamwambia ile nayo ni Jupita. Dereva alilifikiria jambo hilo mchana kutwa. Kisha akatupa jibu lake tulipokuwa tukipokea posho: "Nimejua Jupita watatu. Mmoja mungu, mmoja nyota, mmoja ng'ombe. Katika hao ni mmoja tu anayevuta plau."

Ila habari moja haikumpendeza. Bwana Miwani alisema kwamba Waroma walikuwa wakimchinjia Jupita ng'ombe dume, na sharti wawe weupe. Dereva alikunja uso. Alinyanyua mikono miwili, akayafunika masikio meusi ya yule maksai.

"Bwana, maneno hayo usiseme mbele yake."

Mtu mwenye mnyama wa jina hilo ungetarajia awe rafiki wa radi. Dereva aliiogopa kuliko watoto. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya Bahati, alifunika kioo, akaficha shoka na sufuria zenye kung'aa, akaingia chini ya kitanda na kofia yake. Mkewe alikaa juu ya kitanda hichohicho akishona, akimpa habari: "Hiyo ilikuwa mbali. Hiyo imekaribia kidogo. Wee mzee, sogeza mguu, uko nje." Sisi tulisikia kila neno, maana nyumba za laini hazikuwa na siri, tukacheka mpaka mvua ikakatika. Yeye alitoka akijipangusa vumbi, akasema alikuwa akitafuta msumari.

Sasa niseme habari za mkewe, kwa sababu bila yeye picha hii ni nusu.

Tulimwita Mama Selina. Mahari yake ilikuwa imekwisha kulipwa zamani, na watoto walikuwa watu wazima. Yeye alibatizwa mapema. Dereva hakubatizwa, kila mwaka alisema atajiandikisha darasani mvua zikiisha, na mvua zikiisha akasema kuna kuvuna. Kwa hiyo ndoa yao haikubarikiwa. Kanisa letu, la mabati, ng'ambo ya mto, lilikuwa na desturi kali siku hizo. Mwanamke ambaye ndoa yake haikubarikiwa alikaa benchi la nyuma. Siku ya Meza ya Bwana, wimbo ulipoisha, mwinjilisti alisema wasioshiriki watoke, na Mama Selina alitoka pamoja na watoto na walevi. Alisimama nje chini ya dirisha, akasikiliza. Nilikuwa nikiona kitambaa chake cha kichwa pale dirishani. Hakuwahi kulalamika mbele yangu ila mara moja. Tulikuwa tukipepeta mahindi. Alisema, "Jirani, nimechoka kusimama nje." Kisha akaendelea kupepeta.

Sijui alimwambiaje mumewe. Hapo sikuwepo. Najua kwamba mwaka ule Dereva alijiandikisha mvua zikiwa bado zinanyesha.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Katika laini yetu nyumba mbili zilibaki tupu, waliokuwamo walipakiwa na askari kwenye lori asubuhi moja, na hatukupata kuwaona tena. Watu walizungumza kwa sauti ndogo. Pengine ndiyo sababu tulilishika jambo la arusi yao ya kanisani kwa mikono miwili. Tulihitaji kitu cha kushangilia.

Mwinjilisti alikuwa kijana, mnyofu, mwenye baiskeli na Maandiko mawili, moja la Kiswahili na moja la Kiingereza. Dereva alisoma darasa lake vizuri. Siku ya kuulizwa mbele ya wazee wa kanisa, sisi majirani tulikwenda kusikiliza. Alijibu yote. Swali la mwisho lilikuwa la kawaida, ambalo kila mtu huitikia upesi ili akanywe chai.

"Je, umeiacha miungu mingine yote?"

Dereva hakuitikia upesi. Aliinamisha kichwa, akafikiri. Mama Selina aligeuka kumtazama.

"Yote," alisema. "Ila Jupita."

"Jupita ni nani?"

"Mkubwa wa miungu ya Waroma. Huyo bado namwita kila asubuhi. Kulima hakujaisha."

Kanisa liliangua kicheko. Mzee mmoja wa kanisa alishika benchi asianguke. Lakini mwinjilisti hakucheka, na Mama Selina alijifunika uso kwa kitambaa. Nilipoona mabega yake nilijua si kicheko.

"Ni ng'ombe!" nikasema kutoka nyuma. "Ni ng'ombe wa plau, Mwinjilisti."

"Amesema mungu," alisema mwinjilisti. "Na amesema anamwita. Hayo si maneno yangu."

Hakuwa mtu mbaya, kijana yule. Alikwenda kutafuta. Jumapili iliyofuata alirudi na Maandiko yote mawili, akatueleza. Katika yale ya Kiswahili jina la mungu huyo ni lingine, ndiyo maana hakuna aliyelitambua. Katika yale ya Kiingereza limo, Jupita, waziwazi. Akatusimulia mitume wawili walioingia mji mmoja wakamponya kiwete. Watu wa mji wakadhani ni miungu, mmoja wao wakamwita Jupita, wakaleta ng'ombe waliovishwa maua ili wawachinjie. Mitume wakararua mavazi yao kwa uchungu, wakawazuia.

"Mnaona?" alisema. "Jina hili si mchezo."

Dereva akanyanyua mkono. "Na wale ng'ombe, walirudi nyumbani?"

"Haikuandikwa."

"Ningependa kujua."

"Mzee wangu," mwinjilisti akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, "mimi ningependa kuwafungisha ndoa. Lakini siwezi kumbatiza mtu Jumapili, na Jumatatu asubuhi nimsikie ng'ambo ya mto akilia jina la sanamu. Watu wakibatizwa hupewa jina jipya. Mpe ng'ombe wako jina jipya. Ukiacha kuliita lile, nitakuja mimi mwenyewe kuwachukua siku ya arusi."

"Nimeahidi," alisema Dereva, mbele ya watu wote. Na ahadi yake ilikuwa kitu cha kugonga ukasikia mlio.

Wazee wa kanisa walikaa wakachagua jina. Mmoja alitaka jina la nabii, wenzake wakamwuliza kama ana akili. Mwishowe wakakubaliana Shukrani. Jumatatu laini nzima ilichelewa kwenda kuchuma pareto ili isikie.

"Shukrani!" Dereva aliita.

Jupita alikuwa akitafuna.

"Wee Shukrani! Haya, twende!"

Masi, jirani yake wa nira, aligeuza kichwa kumtazama kama anayeuliza, wewe umefahamu kitu? Wote wakasimama. Mjeledi ulilia, wakatikisa masikio, wakasimama. Dereva alimwendea, akamzungumzia sikioni, akarudi nyuma, akaita tena. Jua likapanda. Plau haikuwa imesogea hata urefu wa jembe.

"Hajabatizwa huyo!" nyapara alipiga kelele. "Ana haki ya kukataa!"

Kila mtu alicheka, hata mimi. Dereva peke yake hakucheka. Alikunja mjeledi, akampa kijana mmoja wa plau, akaenda mbele kabisa, akashika pembe ya Jupita, akaanza kutembea. Ng'ombe akamfuata.

Hivyo ndivyo alivyolima mwaka ule. Kutembea mbele ni kazi ya vijana. Unatembea kinyumenyume nusu ya siku, matope yanakufika magotini, na pumzi ya ng'ombe iko kifuani mwako. Yeye alikuwa na mvi. Jioni alirudi ameinama, akakaa mlangoni, na Mama Selina akamkanda miguu kwa maji ya moto. Asubuhi tukaanza kuchelewa kuamka. Shamba lilikuwa kimya kama lililofiwa, na chuma cha nyapara kilikuwa kikituita peke yake.

Bwana Miwani alikuja kutazama. "Wewe iko gonjwa? Mbona hapana piga kelele?"

"Sina ugonjwa, Bwana. Naoa."

"Oa? Wewe iko na watoto mkubwa!"

"Ndiyo hao watanisimamia."

Mzungu alimpa koti lake jeusi la zamani kwa ajili ya arusi, pamoja na ruhusa ya kuchukua gari la maksai. Koti lilimfika magotini.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mwinjilisti alikuja kama alivyoahidi, akaomba nasi, joho lake likiwa ndani ya mfuko ili lisichafuke. Tukapanda gari: Mama Selina katika gauni jeupe alilolishona mwenyewe, Selina binti yake, mwinjilisti, baiskeli ya mwinjilisti, na mimi na sufuria ya wali mapajani. Bwana arusi hakupanda. Hakuna mwingine ambaye Jupita angemfuata, kwa hiyo alitembea mbele, ameshika pembe, na koti lake refu. Watu wa laini walifuata kwa miguu wakiimba.

Tulipofika mtoni mvua iliyokuwa ikinyesha upande wa Bahati ikawa imetufikia. Ninyi mnaojua mito midogo ya kule mnajua. Asubuhi unaruka, adhuhuri haukutambui. Waimbaji waliobaki nyuma walisimama ukingoni tulikotoka. Sisi tulikuwa tumeshaingia. Gurudumu moja likazama kati ya mawe, gari likainama, nami nikaukumbatia wali.

Dereva alivuta pembe. Jupita alisimama. Maji yalikuwa yakimpanda Dereva kiunoni, koti likaelea pande zote mbili kama mabawa. Hapo radi ikapiga, karibu kabisa. Nilimwona akifunga macho. Mtu huyu ambaye kwake angekuwa chini ya kitanda, alisimama katikati ya mto ameshika pembe ya ng'ombe, na hakuiachia.

"Mwite!" Mama Selina alisema.

"Nimeahidi."

"Mzee, mwite! Tutachukuliwa!"

"Nimeahidi mbele ya watu, Mama Selina. Nikimwita sasa utarudi benchi la nyuma. Shikeni gari."

Alitia bega kwenye nira, akasukuma. Mzee na maksai mweupe, bega kwa bega, na hakuna kilichosogea. Maji yakaanza kupita juu ya mbao za gari. Pindo la gauni likalowa, kisha magoti yake. Mama Selina alimtazama mwinjilisti, wala hakumwomba. Alimtazama tu.

Kijana yule alisimama. Gari lilitikisika, akashika baiskeli yake, mvua ikimchuruzika puani. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanzisha wimbo.

"Jupitaaa!"

Masikio meusi yakainuka.

"Wee Jupita! Haya! Jupita! Twende!"

Na Jupita akavuta. Aliinamisha kichwa, mnyororo ukakaza ukalia, wenzake wote wakavuta, gurudumu likatoka kwa kishindo, tukapanda ukingo sisi na wali na baiskeli. Ng'ambo ya pili waimbaji walipiga vigelegele mpaka nikadhani radi imerudi.

Dereva alikuja nyuma ya gari akitiririka maji. Alimtazama mwinjilisti kwa adabu.

"Mwinjilisti, umemwita nani?"

Kijana alijipangusa uso kwa mkono.

"Ng'ombe," alisema.

"Hata mimi," alisema Dereva. "Tangu zamani."

Mwinjilisti akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa matopeni, na joho lake safi likawa bado ndani ya mfuko. Dereva alibatizwa kwanza, kisha wakafungishwa ndoa, wao na mwinjilisti wote watatu wamelowa. Mahubiri siyakumbuki. Nakumbuka kwamba ilipofika Meza ya Bwana na wasioshiriki wakaambiwa watoke, Mama Selina aliinuka kwa mazoea, akafika nusu ya njia kwenda mlangoni. Dereva akamshika gauni. Akakaa.

Jumatatu tuliamshwa tena na sauti tuliyoizoea, na nyapara akalalamika kama zamani, mwenye furaha.

Miaka ya Hali ya Hatari ilipokaribia kwisha, trekta ilikuja. Maksai waliuzwa, isipokuwa Jupita, ambaye Dereva alimwombea kwa Bwana Miwani. Ng'ombe huyo alikufa malishoni kwa uzee, hakuchinjwa. Sisi tulihamia mjini Nakuru, mume wangu alipopata kazi relini. Kwa hiyo nilikuwa karibu niliposikia kwamba Dereva yuko hospitalini, kifua.

Nilikwenda na ndizi. Kitanda chake kilikuwa karibu na ukuta. Alikuwa amepungua, uso umebaki macho, lakini alinijua.

"Jirani. Umenenepa. Mjini kuna sukari."

"Na wewe bado una ulimi."

"Umebaki huo tu."

Mama Selina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akimpulizia uji. Alikuwa ametoka shambani na nguo zake kwenye kikapu, viatu amevivua, amevipanga chini ya kitanda kama mtu aliye kwake. Tulizungumza habari za watu. Dereva alinieleza mgonjwa wa kitanda cha pili anavyokoroma, akamwigiza, na mgonjwa mwenyewe akacheka. Kisha akachoka, akafumba macho, mkono wake ukiwa juu ya goti la mkewe.

Kengele ililia. Sista mmoja msichana alipita akipiga makofi. "Saa imekwisha! Wageni wote nje! Mama, mzee, twende, wageni wote watoke."

Watu waliinuka, wakakusanya vikapu. Mama Selina hakuinuka. Alichota kijiko kingine, akakipuliza.

"Mama," sista alisema, "hujasikia? Nimesema wageni watoke."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi si mgeni. Mimi ni mke wake."

Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na bila kugeuka. Sista alimtazama, akatazama viatu chini ya kitanda, kisha akaenda kitanda kingine.

Mimi nilichukua kikapu changu, nikamgusa Dereva mguu kupitia blanketi, nikatoka. Mimi nilikuwa mgeni.